Makali Yaliyonyooka au Yenye Tumbo: Kuchagua Kisu cha Kukunja cha Kazi

Fungua kisu chako cha kukunja, kisimamishe juu ya kioo cha dirisha makali yakiwa chini, kisha inama uangalie kwa ubavu ukielekea kwenye mwanga. Visu vingi vya sokoni vitagusa kioo nusu ya nyuma tu, halafu makali yanapanda taratibu kuelekea nchani. Mpando huo ndio tumbo la kisu. Kisu chenye makali yaliyonyooka hakina mpando: kinalala juu ya kioo kuanzia kisiginoni, yaani mwanzo wa makali karibu na mpini, hadi nchani, na mwanga haupiti popote. Sifa zake zote, na kasoro zake zote, zinaanzia hapo.

Anayekiona mara ya kwanza hukidhania ni kisu kilichovunjika ncha kikachongwa upya. Ila mtu ambaye kazi yake ni kamba, miche, ngozi au mbao akikishika siku mbili tatu, hukirudisha kwa shida. Kinachomkwaza mnunuzi wa Kigoma au Tabora ni kwamba makali yaliyonyooka hayaji kwa umbo moja. Yako manne yanayojulikana sana, na kila moja lina kazi yake. Hapa tunayapima yote manne kwa vipimo vilevile, na kisu chenye tumbo tumekiweka cha tano, kwa sababu kuna kazi ambazo hakuna kisu kilichonyooka kitakachokishinda.

Vipimo

Cha kwanza ni ncha: iko wapi, kali kiasi gani, na itachoma nini usichotaka kichomwe. Kwenye visu vilivyonyooka makali ni yaleyale, kinachotofautisha kisu na kisu ni jinsi mgongo unavyoshuka kukutana nayo.

Cha pili ni kazi. Angalia ile unayoifanya mara kumi kwa siku, si ile inayokuja mara moja kwa mwaka.

Cha tatu ni kunoa, yaani kisu kitakuwaje kwa jiwe ulilonalo nyumbani, si kwa lile la dukani.

Cha nne ni kiungo. Visu vingi vya jadi havina kufuli. Vina springi mgongoni inayoushikilia ubapa, yaani chuma chenye makali, usijifunge ovyo, au vinashikwa na msuguano wa ribiti, ule msumari wa kiungo, peke yake. Kumbuka hili: nguvu inayotoka kwenye makali inausukuma ubapa uzidi kufunguka, kwa hiyo ukikata kawaida uko salama. Nguvu inayotoka mgongoni, au ya kuchoma kitu kigumu kwa ncha, inausukuma ujifunge juu ya vidole.

Chuma hakitegemei umbo, kwa hiyo tukimalize sasa hivi. Chuma cha kaboni hunoleka upesi na hupata makali ya wembe kwa jiwe la kawaida, lakini hushika kutu. Kikikata embe au chungwa kitageuka rangi ya kijivu au bluu iliyofifia. Hiyo isikutishe, kwani inakikinga kidogo. Cha kuogopa ni ile nyekundu. Chuma kisichoshika kutu huchelewa kunoleka ila huvumilia uzembe. Anayeshinda kwenye magamba na utelezi wa samaki achukue kisichoshika kutu. Anayeshinda kwenye miti na kamba kavu achukue cha kaboni, akifute kila jioni na kukipaka nta ya nyuki iliyopashwa moto. Nta hiyo Tabora haina shida kupatikana, na inafaa ubapa na mpini wa mti vilevile.

Mguu wa kondoo

Wauzaji wa nje hukiandika sheepsfoot. Mgongo unakwenda sambamba na makali karibu urefu wote, kisha mwishoni unapinda ghafla kushuka chini, kama kwato la kondoo lilivyo.

*Ncha.* Ni kama haipo. Ukimgusa mwenzako kwa bahati mbaya chombo kinapoyumba, utamsukuma, hutamchoma. Ndiyo sababu umbo hili limekuwa la mabaharia kwa miaka mingi.

*Kazi.* Kamba, kamba, kamba. Laza kamba ya nailoni ya milimita 8 juu ya ubao, weka katikati ya makali juu yake, bonyeza kwa kiganja huku ukivuta kidogo kuelekea kwako. Makali yanafika ubaoni yote kwa pamoja, na zile nyuzi mbili tatu zinazobaki na kukulazimisha kurudia hazibaki. Kwa kisu chenye tumbo ungelazimika kukiyumbisha mbele na nyuma ili sehemu iliyopanda nayo iguse. Kisu hiki ni kizuri pia kupunguza kwato za mbuzi, maana mnyama akirusha mguu hakuna ncha ya kumjeruhi. Lakini kutoboa hakiwezi. Kufungua tumbo la mgebuka, kuanzisha tundu kwenye gunia, kutoboa ngozi: kote huko kitakuangusha.

*Kunoa.* Rahisi kuliko vyote, kwa sababu hakuna ncha nyembamba ya kuilinda.

*Kiungo.* Mabaharia huvigonga visu vyao mgongoni kwa kipande cha mti ili kukata kamba nene. Usiige hilo kwa kisu cha kukunja cha springi. Ukigonga mbele ya pale kamba ilipo, ubapa unasukumwa kujifunga, na ribiti inalegea hata kama vidole vimepona.

*Humfaa* mtu wa mwaloni Kibirizi anayeshona na kukata nyavu, kuli wa bandarini, mfugaji, na nyumba yenye watoto wanaopenda kushika kila kitu.

Mguu wa mwanakondoo

Hiki ni cha Sheffield, mji wa wahunzi wa visu Uingereza, na mpaka leo A. Wright & Son wa mjini humo wanakitengeneza. Mgongo unateremka kidogo kidogo kuelekea mbele, ubapa unapungua upana, halafu mwisho unakatwa mshazari. *Ncha* ipo, inafungua boksi na kutoboa mfuko, ila haitafuti nyama ya mtu. Kwa upande wa *kazi*, kitakata kamba karibu kama mguu wa kondoo, kitamenya muwa uliokwisha kukatwa vipande, kitachonga kijiti. Hakuna kazi inayokishinda, na hakuna ambayo kinaongoza. Kwa kuwa mbele ni chembamba kidogo, kinageuka vizuri kwenye mchongo wa duara kuliko mguu wa kondoo. *Kunoa* hakuna la ziada. *Kiungo* karibu siku zote ni cha springi, na mipini yake ya jadi ni ya mti au pembe. *Humfaa* mwenye kubeba kisu kimoja asiyejua kesho itamletea kazi gani, na anayetoka kwenye kisu chenye tumbo akitaka kuzoea taratibu.

Wharncliffe

Jina limetoka kwa bwana mmoja wa Uingereza, Lord Wharncliffe, na umbo lilianza kutengenezwa na Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield katika karne ya 19. Mgongo unaanza kushuka mapema, karibu nusu ya ubapa, ukishuka kwa ulaini mpaka unakutana na makali kwenye ncha kali kabisa.

*Ncha.* Hapa ndipo penye utamu wa kisu hiki. Ncha iko kwenye mstari uleule wa makali, chini kabisa, kwa hiyo ukiweka kidole cha shahada mgongoni, unajua ncha ilipo bila kuitazama. Kwenye kisu chenye tumbo ncha iko juu. Ukitaka kukata kwa ncha lazima uinue kiwiko, na ukiinua kiwiko, usahihi unapungua. Kwa Wharncliffe unavuta tu, mkono ukiwa umelala, na nguvu yote inaishia kwenye nukta moja.

*Kazi.* Kubebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja (kikonyo) kwenye shina la mche mwingine, kutuonyeshe. Kikonyo cha mwembe chenye unene wa penseli kinachongwa kama kabari, pande mbili, kila upande sentimita 3 hadi 4. Shina linalobebeshwa linapasuliwa katikati kwa urefu huohuo, kabari inaingizwa, linafungwa kwa utepe wa plastiki. Kinachounganika pale si mti wenyewe, ni utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome, na lazima wa kikonyo uguse wa shina. Kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, kisogeze upande mmoja ili gome na gome zikutane walau huko. Sasa angalia kisu. Makali yenye tumbo, hata yakiwa makali namna gani, huacha kidonda chenye bonde kama la kijiko. Ukibana sehemu hizo mbili, katikati panabaki hewa, utando unakauka, na baada ya wiki kadhaa kikonyo kimekuwa cheusi. Mwenye shamba atalaumu jua au mche. Makali yaliyonyooka, yakivutwa mara moja tu kutoka kisiginoni hadi nchani, huacha uso bapa unaong'aa. Ukirudia kukata mara ya pili na ya tatu kusawazisha, umeharibu, kata kikonyo kingine. Futa ubapa kwa spiriti unapohama mti mmoja kwenda mwingine, maana kisu hubeba ugonjwa kama sindano.

Wanaofanya kazi hiyo kila siku huenda mbele zaidi, wakatumia kisu kilichonolewa upande mmoja tu. Upande ambao haujanolewa unalala juu ya mti na kuuongoza mkono. Ila visu hivyo vina mkono: cha mtu wa kulia humsumbua mwenye kushoto, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Nje ya shamba, Wharncliffe ni kisu cha fundi viatu na fundi ngozi. Kata mpira wa katambuga kando ya rula ya chuma, ubapa ukiwa umelowa maji ya sabuni ili usinate, na mstari unatoka kama umepigwa mashine. Ni kizuri pia kuchonga nakshi kwenye mninga, kwa mikato midogo ya ncha.

*Kunoa.* Makali ni rahisi, ncha ndiyo inayodai adabu, kama tutakavyoona.

*Kiungo.* Ncha kali na springi isiyo na kufuli ni jozi ya kuangaliwa. Usikitumie kuchokonoa, kubandua wala kufungua kopo. Ncha ina unene wa karatasi kadhaa tu, nayo itakatika milimita 2 au 3 za mwisho, hasa ukiipinda pembeni.

*Humfaa* mtu wa bustani ya miche, fundi ngozi, mchongaji, na mtu wa ofisini anayefungua barua na maboksi. Hakimfai anayefanya kazi penye kuyumba.

Higonokami

Hiki ni cha Kijapani, kutoka mji wa Miki mkoani Hyogo, na kimetengenezwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Wanafunzi wa Japani walikuwa wakikibeba kuchongea penseli. Ukikiona unaweza kudhani hakijakamilika: mpini ni bati moja la shaba njano au chuma lililokunjwa katikati, ubapa umeshikwa kwa ribiti moja, basi. Hakuna springi, hakuna skrubu, hakuna kufuli.

*Ncha* inafanana na ya Wharncliffe, ila mgongo unakwenda sambamba na makali kisha unakatwa kwa mshazari ulionyooka. Ncha inabaki kali, na ni nene kidogo, kwa hiyo haikatiki upesi.

*Kazi.* Kuchonga mti hakina mpinzani kwa bei yake. Mchongoko wa makali, yaani mteremko ulionolewa, ni mpana na tambarare, unalala juu ya mti na kuupa mkono njia. Kwa warina asali kina faida moja isiyotajwa sana. Mzinga wa vibao vya juu unahitaji kisu kinachofuata ubao: unapitisha makali chini yake, unaacha ukanda wa sega wa kama sentimita 1 ili nyuki waanzie hapo kujenga upya. Makali yaliyonyooka yanafanya hivyo bila kuchimba ubao. Baada ya kazi, kisu cha springi kitakuwa kimejaa asali na gundi ya nyuki ndani ya kiungo, na kukisafisha ni mateso. Higonokami ni mfereji mtupu, unauloweka kwenye maji ya moto, unapitisha kitambaa kwa kijiti, unakausha, umemaliza.

*Kunoa.* Ubapa mwingi wa higonokami nzuri ni wa tabaka tatu, chuma kigumu katikati na laini pembeni. Hubahatishi pembe: unaulaza mchongoko wote juu ya jiwe mpaka hauchezi, unasugua. Tabaka laini linaliwa haraka, lile gumu linabaki na makali.

*Kiungo.* Nyuma ya ubapa kuna kimkia kinachotokeza juu ya mpini. Ukikifungua, kidole gumba kinakaa juu ya kimkia hicho, na kwa kukibonyeza unauzuia ubapa usijifunge. Ukitoa kidole, ulinzi umeondoka. Kiungo kikilegea, laza ribiti juu ya chuma kizito, igonge kidogo kwa nyundo ndogo, jaribu, gonga tena. Ukizidisha, tone la mafuta ya cherehani na kufungua na kufunga mara hamsini vitairudisha.

*Humfaa* mchongaji, mrina asali, fundi seremala wa kupiga alama, na anayetaka kisu anachoweza kukitengeneza mwenyewe. Mtu wa kazi za maji akiepuke, kwa kuwa cha chuma cha kaboni huota kutu ndani ya mpini mahali asipopaona.

Chenye tumbo: Okapi, Opinel na wenzao

Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na Tabora na Kigoma zilikuwa ndani ya mojawapo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini, kikiwa na mpini wake wa mti wenye miezi na nyota na kufuli linalolia meno kwa meno linapofunguka. Opinel ni cha Savoie, Ufaransa, kimeanza 1890. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5, na pete ya kufunga iliongezwa mwaka 1955.

*Ncha* iko juu, inatoboa vizuri. *Kazi* yake ni nyama. Chuna mbuzi kwa Wharncliffe uone: ncha ya chini inachimba ngozi na kuitoboa kila baada ya pumzi mbili, na ngozi yenye matundu haina bei. Tumbo la kisu linateleza kati ya ngozi na nyama. Kwenye sahani ya nyama choma nako makali yenye tumbo yanakata kwa kuvutwa, wakati yaliyonyooka yanagonga sahani kwa ncha na kuishiwa makali. Kupaka, kukwangua maganda ya duara, kumenya viazi, huku ndiko kwake. *Kunoa* kunadai kuinua mpini taratibu unapofika kwenye mpando, na wengi hawafanyi hivyo, ndiyo maana ncha za visu vingi vya mitaani ni butu wakati katikati panakata. *Kiungo* cha Okapi na Opinel kina ulinzi ambao visu vya springi havina. *Humfaa* mchuna ngozi, mpishi wa safarini, na mtu anayekula kwa kisu chake.

Kunoa makali yaliyonyooka, na pale panapoharibika

Sababu kubwa ya kuvutiwa na visu hivi ni kwamba mtu mwenye kitu bapa tu anaweza kuvinoa sawasawa. Lakini ni lazima kiwe bapa kweli. Kinoo cha nyumba kilichotumika miaka kumi huwa na bonde katikati. Makali yaliyonyooka yakisuguliwa humo, kisigino na ncha zinaliwa zaidi, na kisu kinaanza kuota tumbo. Chora mistari ya penseli juu ya kinoo chako, kisugue juu ya sakafu ya saruji iliyomwagiwa mchanga laini na maji. Mistari ikifutika yote, kimenyooka. Usipoweza, nunua msasa wa maji kwa wauza rangi za magari, namba 400, 1000 na 2000, uulowanishe na kuulaza juu ya kioo.

Kwa ubapa wenye upana wa milimita 15, inua mgongo milimita 4 hadi 5 kutoka kwenye jiwe. Hiyo ni pembe ya kama nyuzi 15 hadi 20. Weka vidole viwili karibu na makali, sukuma urefu wote kwa mwendo mmoja, mara kumi upande huu, kumi upande ule. Pitisha kidole gumba kwa kukatiza makali, kamwe si kwa kuyafuata: utasikia kiuzi chembamba cha chuma kimejikunja upande wa pili. Kisipojisikia urefu wote, bado hujafika. Kikijisikia, hamia msasa laini zaidi, punguza mkono, maliza kwa kusugua ukirudi nyuma juu ya mkanda wa ngozi au gazeti lililolazwa kwenye meza.

Yanayoharibika ni matatu. La kwanza ni bonde katikati ya makali, linalokuja kwa kung'ang'ania kati na kusahau miisho. Lipime kwa kile kioo cha mwanzo: mwanga ukipenya katikati, kamba haitakatika nyuzi zote hata kisu kikiwa wembe. Dawa ni kusimamisha makali wima juu ya jiwe, kuyasugua mpaka yanyooke, kisha kunoa upya. La pili ni ncha kuliwa, inayotokea kila unapovuta kisu mpaka ncha inadondoka nje ya jiwe. Simama ncha ikiwa bado juu ya jiwe. La tatu halionekani upesi. Kwenye kisu cha springi, karibu na kiungo, kuna kipande cha chuma kisichonolewa kinachotua juu ya springi kisu kikifungwa, na ndicho kinachoyazuia makali yasigonge springi. Ukikinoa nacho, kila ukifunga kisu makali yanajigonga, na asubuhi unakikuta butu na huelewi kwa nini.

Kama kisu chako cha tumbo kimevunjika ncha

Kabla ya kununua kingine, fahamu kuwa kisu kilichokatika ncha kinaweza kuwa mguu wa kondoo. Pitisha tupa mgongoni, isiguse makali: teremsha mgongo mpaka ukutane na makali pale yanapoanza kupanda. Tumbo limekwenda, urefu umepungua, na kilichobaki kimenyooka. Faida ya pembeni ni kwamba ncha iliyoshushwa inazama ndani zaidi ya mpini kisu kikifungwa, haitoboi mfuko. Ukimpelekea fundi mwenye mashine ya kusaga, mwambie achovye ubapa kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka bluu kwa joto kimekwisha kulainika, na hakuna jiwe litakalokirudishia ugumu.

Kwa hali yako

Ukiwa ziwani, nyavu na kamba zikiwa kazi ya kila siku, chukua mguu wa kondoo wa chuma kisichoshika kutu. Kwa kupasua samaki weka kisu kingine jikoni.

Ukiwa na kitalu cha miembe au miparachichi, Wharncliffe nyembamba ya chuma cha kaboni, isiyofanya kazi nyingine yoyote. Mwenye kitalu kikubwa aende moja kwa moja kwenye kisu kilichonolewa upande mmoja.

Ukirina asali Sikonge au ukichonga miiko na vinyago, higonokami. Katika mvua za Novemba hadi Aprili kipake nta ndani ya mpini pia.

Ukifunga tumbaku na kukata kamba za katani shambani Urambo, huku ukihitaji pia kufungua mfuko wa mbolea, mguu wa mwanakondoo utakutosha.

Ukichinja na kuchuna, baki na tumbo.

Na ukisitasita kati ya viwili, kuna visu vya jadi vya Marekani vinavyoitwa stockman, vyenye bapa tatu kwenye mpini mmoja: mmoja wa tumbo, mmoja mguu wa kondoo, mmoja mfupi uliotengenezwa kwa kuhasi wanyama. Ni kinene mfukoni na kiungo chake kinadai kusafishwa zaidi. Kabla ya kulipa, fungua kila ubapa na uutikise pembeni: usicheze. Ufunge na uangalie ncha zote tatu zimezama chini ya ukingo wa mpini. Ukishakuwa nacho, nyama iachie ubapa wa tumbo, na ule ulionyooka uutunze kwa kamba na vikonyo peke yake, maana mfupa mmoja unatosha kuutia pengo litakalokugharimu nusu saa ya jiwe kuliondoa.